Wadhamini Wasianguke Pamoja

Mwanajeshi na polisi hawahitaji kuelezwa faida ya chama cha kuweka akiba na kukopa. Kwa njia hiyo wengi wetu tumenunua viwanja, tumejenga nyumba na kulipa karo za watoto. Lakini liko swali ambalo kamati za mikopo hazina budi kujiuliza: wakopaji wakishindwa kulipa, watashindwa mmoja mmoja, au wote kwa pamoja?

Tuchukue mfano. Ikiwa katika kila wakopaji 100 watu 5 hushindwa kulipa kwa mwaka, mkopo wenye mdhamini mmoja huonekana salama kabisa. Kwa hesabu ya kuzidisha, mkopaji na mdhamini wake watashindwa pamoja mara 1 tu katika 400. Hesabu hiyo ina sharti moja: shida ya huyu isihusiane na shida ya yule. Endapo wote wawili hungojea mshahara mmoja, na fedha zao wamezitia katika ng'ombe wa malisho yale yale, ukame mmoja utawaangusha wote. Hapo hatari yaweza kupanda hata ikakaribia 1 katika 20. Mdhamini yumo katika karatasi, lakini siku ya haja haonekani.

Kosa hili limewapata hata wakubwa wa dunia. Huko Marekani mabenki yalirundika pamoja maelfu ya mikopo ya nyumba, yakiamini kuwa bei haziwezi kushuka katika majimbo mengi kwa wakati mmoja. Kanuni ya hesabu aliyoitoa David X. Li mwaka 2000 ilitumiwa sana kukadiria uwezekano wa wakopaji kuanguka pamoja. Lakini kanuni haina macho. Hutegemea takwimu inazopewa, na takwimu za miaka ya neema hazisemi habari za miaka ya dhiki. Bei za nyumba ziliposhuka karibu nchi nzima, wadeni walianguka kwa makundi. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikatangaza kufilisika.

Askari analielewa jambo hili kuliko wengi. Katika doria tunafundishwa kuachiana nafasi, si kwa sababu hatupendani, bali ili bomu moja lisiangamize kikosi kizima.

Basi kamati zisihesabu wakopaji tu, bali pia wangapi kati yao wanategemea chanzo kimoja cha pato. Angalau mdhamini mmoja atoke kituo kingine, au awe na pato la namna nyingine. Mtu mmoja asiwadhamini wengi. Na akiba ya dharura ipimwe kwa mwaka wa shida ya wote, wala si kwa mwaka wa kawaida.

Fedha iliyomo chamani ni jasho la askari aliyeko mpakani, na ni tegemeo la mjane wa aliyefia kazini. Yatupasa kuilinda kwa nidhamu ile ile tunayolindia taifa.