Sala Mlangoni pa Zahanati na Kazi ya Mwenye Sare

Vijana waliotoka karibuni vyuoni, wa jeshi na wa polisi, hutuuliza swali ambalo halimo katika vitabu vyao vya mafunzo: je, mtu anayesali kimya kando ya barabara aweza kuwa mkosaji? Swali hilo si la mapadri na wanasheria peke yao. Mwisho wa yote anayetumwa kwenda kumwondoa mtu huyo, au kumlinda, ni askari. Kwa hiyo yatupasa kulifikiri kabla amri haijafika.

Mwaka 2004, katika miji ya Bryan na College Station, jimbo la Texas nchini Marekani, waumini walipokezana kusali usiku na mchana kwa siku 40 nje ya zahanati iliyokuwa ikitoa mimba. Desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi. Wengi wao ni Wakatoliki, rozari mkononi, na baadhi yao humwendea mwanamke anayeingia na kumwambia kwa upole kwamba akitaka msaada wa kumlea mtoto utapatikana. Lakini Marekani ilikwisha kuona pia upande mwingine. Machi 1993 daktari David Gunn alipigwa risasi akafa nje ya zahanati mjini Pensacola, Florida. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kumwadhibu anayeziba mlango au kutishia watu. Kisha mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi hiyo hiyo, majaji wote tisa kwa kauli moja, ikafuta sheria ya Massachusetts iliyokataza watu kusimama karibu na milango hiyo. Aliyeongoza madai alikuwa bibi mzee, Eleanor McCullen, ambaye silaha yake ilikuwa mazungumzo ya sauti ya chini. Mzibaji wa njia ni mtu mmoja, na mnong'onaji wa neno la faraja ni mtu mwingine kabisa.

Uingereza imefuata njia nyingine. Ingekuwa rahisi kusema nchi ile ni ya uhuru wa dini. Lakini tangu tarehe 31 Oktoba 2024 sheria imeweka eneo la meta 150 kuzunguka kila zahanati ya namna hiyo, na ndani yake ni kosa kujaribu kuathiri uamuzi wa mwanamke. Hata kabla ya hapo halmashauri za miji zilikuwa na amri zao. Ndivyo alivyopatikana Adam Smith-Connor, askari wa zamani, ambaye Novemba 2022 alisimama Bournemouth, ameipa zahanati mgongo, ameinamisha kichwa. Alisema anamwombea mwanawe ambaye mimba yake ilitolewa miaka mingi nyuma. Aliombwa aondoke, akakataa. Oktoba 2024 mahakama ilimtia hatiani na kumtaka alipe gharama za paundi 9,000. Kwa upande mwingine, polisi waliomkamata Isabel Vaughan-Spruce mjini Birmingham kwa sala ya kimya walimlipa paundi 13,000 mwaka 2024. Sisi tunaona kwamba polisi anayelazimika kumwuliza raia, "Unawaza nini?" amepewa kazi isiyo yake. Kazi yetu ni matendo: nani amesukuma, nani ametukana, nani ameziba njia.

Turudi kwetu. Katika mtaa wa Asiatique hakuna mlango wa namna hiyo wa kusimama mbele yake, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Burundi, iliyotengenezwa upya mwaka 2009 na tena mwaka 2017, inaadhibu utoaji mimba, ila kwa masharti makali pale maisha ya mama au afya yake inapokuwa hatarini sana. Jambo hilo hufanyika mafichoni. Na jambo la mafichoni hufika kituoni kwa njia ya uvumi: jirani kamchongea jirani, mwenye duka kamchongea mtumishi wake. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mwenye sare.

Tutazame yaliyotokea Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 2019. Msichana wa shule mwenye umri wa miaka 16 alipata matatizo ya mimba akaenda kutibiwa. Polisi waliingia zahanati, wakakatiza matibabu, wakamchukua yeye pamoja na mganga aliyekuwa akimhudumia. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema ukamataji ule haukuwa halali. Tuwaachie wanasheria mabishano yao juu ya mimba na katiba. Sisi tushike hili moja, kwamba mgonjwa aliondolewa kitandani na watu waliovaa sare kama yetu.

Basi waumini wakija Asiatique kusali, wasizibe njia ya wateja wala ya waendao msikitini, na wakitaka mkutano wa hadhara waifuate sheria ya mwaka 2013. Zaidi ya hapo waachwe. Wale wa kujitolea wanaompokea mtumishi wa nyumbani aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya mimba, wakampa chakula na pa kulala, wanaokoa maisha mengi kuliko pingu zetu. Ila wasigeuzwe wapelelezi: msichana aliyemwamini mshauri wake asije akalikuta jina lake katika daftari la kituo.

Na tuseme lisilopendeza kambini. Kuna wenye sare wanaowapa wasichana mimba kisha wakawakana. Mtu wa aina hiyo atamkamata nani, na kwa uso gani?

Ukiitwa usiku na kumkuta msichana anavuja damu, gari la doria liende hospitali kwanza. Maswali ya upelelezi yangoje mpaka daktari aseme kwamba mgonjwa aweza kuyajibu.