Leseni ya Baa na Haki ya Jirani

Ombi la leseni ya kuuzia vileo huwa ni karatasi chache tu. Jina la mwombaji limo, nyumba imetajwa, aina ya biashara imeelezwa, na chini upo mhuri wa sheha. Halimo jina la mama anayelala upande wa pili wa ukuta, wala la mtoto wake anayeamka alfajiri kwenda skuli. Sisi twaona kwamba kasoro ya jambo hili huanzia hapo, katika lile ambalo karatasi haikuuliza.

Mtu asiyeujua Mji Mkongwe huenda akadhani kwamba baa iliyo hatua mia kutoka kwake iko mbali. Katika Kiponda, Malindi au Hurumzi kipimo hicho hakina maana. Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe na chokaa zikaegemezana migongo, na baadhi ya vichochoro haviuzidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Sauti haina pa kutokea. Muziki ukipigwa juu ya dari ya nyumba moja, husikilizana katika vyumba vya nyumba ya nne na ya tano. Baraza, ambayo mchana ni pahala pa wazee kukaa na kunywa kahawa, usiku huwa kitanda cha mlevi asiyeijua njia ya kwao. Na asubuhi mwenye nyumba hutoka na ndoo ya maji kabla hajanywa chai. Hayo hatuyasemi kwa kutia chumvi, tumeyaona. Mji huu ulitiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mtu hawezi kubadilisha mlango wake wa kale bila ya idhini ya Mamlaka ya hifadhi. Ni ajabu kwamba mlango una mlinzi, na usingizi wa aliyelala nyuma ya mlango huo hauna.

Hatusemi kwamba kileo ni kitu kigeni kisiwani. La! Tembo la mnazi lilikuwako Unguja kabla ya hoteli. Wakoloni nao walikuwa na yao. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili. Lakini English Club pale Shangani, katika jengo ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Africa House, watawala waliendelea kunywa huku wakilitazama jua likizama baharini. Sheria ile iliwagawa watu: huyu anywe, yule asinywe. Twayakumbusha haya kwa sababu leo wapo wanaotaka mgawanyo wa sura nyengine, yaani mgeni wa pwani ahifadhiwe kimya chake, na mfanyakazi wa mtaani aachiwe makelele.

Tutaambiwa kwamba utalii ndio uhai wa Visiwa. Ni kweli, nasi hatuna nia ya kuupiga vita. Mwaka 2023 walikuja wageni zaidi ya 638,000, na wapishi, wahudumu, walinzi na wapiga muziki wengi hupata riziki zao humo. Baa ikifungwa ghafla, wa kwanza kuumia ni mhudumu, aghalabu binti asiye na hata barua ya kuajiriwa. Mwenye mali ana pengine pa kwenda. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya vibali vya kuingiza vileo kuondoka katika mikono ya zamani na kwenda kwa kampuni mpya, vileo viliadimika mahotelini na bei zikapanda. Na katika siku hizo hizo Waziri wa Utalii, Mheshimiwa Simai Mohammed Said, alijiuzulu. Mambo ya leseni, basi, si madogo, wala hayafai kuendeshwa kwa pupa.

Lakini hoja ya utalii isigeuzwe mwavuli wa kila mtu. Kila mwezi wa Ramadhani baa za mitaani hufungwa na mahoteli ya kitalii hupewa ruhusa yake. Kwa hivyo Serikali yenyewe yajua kuipambanua hoteli na baa. Iweje upambanuzi huo upotee miezi kumi na moja iliyobaki?

Zamani maombi haya yalisikilizwa na Mahakama ya Vileo. Sasa kazi hiyo ni ya Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Twaiomba Bodi isitosheke na mhuri wa sheha, kwani sheha ni mtu mmoja, na mtu mmoja huweza kushawishiwa, au kuogopa. Tangazo libandikwe kwa Kiswahili mlangoni pa nyumba yenyewe, mwezi mzima. Wenye kuta zinazogusana na nyumba hiyo wasikilizwe kabla ya wengine wote, na kikao kiwekwe saa ambayo wanawake nao waweza kuhudhuria. Wakikataa, ombi likataliwe. Na aliyepewa leseni ya mkahawa asikutwe baada ya miezi mitatu amefungua dansi.

Kwa wananchi nasi tuna neno. Oktoba 2012 baa kadhaa mjini zilivamiwa katika fujo za siku zile. Hasira ile haikumpa jirani hata mmoja haki ya kusikilizwa; iliwapa polisi kazi, na wahudumu wakapoteza vibarua. Wapo pia wenzetu, wanachama wazuri tu, ambao hukodisha vyumba vyao vya chini kwa wenye baa, wakapokea kodi ya mwaka mzima, kisha wakaja mkutanoni kulalamikia maadili ya vijana. Hao twawaomba walete na mkataba wa kodi.

Zamu ya kuhuisha leseni itakapofika, maofisa wa Bodi wasiende saa nne za asubuhi, wakati viti vimepangwa na sakafu imekwisha pigwa deki. Waende saa tano za usiku, siku ya Jumamosi, kwa miguu. Na kabla ya kuingia ndani ya baa, wapige hodi kwanza katika nyumba ya pembeni.