Mali Bila Daftari

Wapo wanaodai kwamba utungo usiopata wanunuzi umekwisha kuhukumiwa, na kwamba kuuhifadhi ni kupoteza fedha. Hoja hiyo naipinga, na shahidi wangu ni kampuni ndogo ya santuri iliyoitwa Folkways.

Ilianzishwa New York mwaka 1948 na Moses Asch pamoja na Marian Distler, baada ya kampuni ya awali ya Asch kufilisika. Mtu aliyekwisha kuanguka hivyo angetarajiwa kukimbilia nyimbo zinazovuma. Asch alitoa nyimbo za wakulima, vibarua na wafungwa, na ngoma za mataifa mengi. Kila santuri aliyoitoa aliendelea kuiuza, hata ile ambayo wanunuzi wake walihesabika kwa vidole. Alipofariki mwaka 1986 aliacha santuri zaidi ya 2,000. Mwaka uliofuata taasisi ya Smithsonian ya Washington ilizichukua kwa sharti kwamba zote zibaki zikipatikana.

Hakuwa malaika, baadhi ya wasanii walimlaumu kwa malipo haba. Hata hivyo, santuri zake ziliandamana na kijitabu chenye maelezo ya asili ya wimbo, na mara nyingi maneno yake. Kwake, wimbo ulistahili kusomwa pia.

Nasi je? Siti binti Saad alirekodi nyimbo za Kiswahili huko Bombay mwaka 1928, miaka 20 kabla ya Folkways kuzaliwa. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na jina lake likadumu. Lakini ni watunzi wangapi wa taarabu waliopata kalamu ya namna hiyo? Leo nyimbo zinasambazwa mitandaoni zikiwa na jina na picha ya mwimbaji, mtunzi hatajwi, na beti hazijaandikwa popote. Msikilizaji akisikia neno visivyo, kosa lake ndilo linalorithiwa. Kisha sisi hao hao tunalalamika kwamba ushairi unakufa!

Tusisingizie soko. Anayeweka wimbo hadharani na aandike mambo matatu: jina la mtunzi, jina la mwimbaji, na beti kamili. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Yahitaji sikio na uaminifu. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari huisha bila habari.