Kamera ya kumchunga mtoto inapoganda

Chukua mfano wa mama mwenye duka Madaba, kando ya barabara iendayo Songea. Mtoto wake wa miezi minane amelala chumba cha nyuma, chandarua kimeshushwa. Juu ya meza ipo kompyuta mpakato ya zamani, kamera yake imeelekezwa kitandani, na programu ya kutambua mjongeo inatakiwa ilie kwenye simu ya mama mtoto akijigeuza. Mama anapima unga, anatupia jicho simu: mtoto kalala. Anahudumia wateja wawili, anatazama tena: kalala vilevile, mkono palepale. Akiingia ndani anamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, analia. Picha ilikuwa imeganda.

Kamera haikuwa mbovu. Kilichozidiwa ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Na ubaya wake ndio huo: picha iliyoganda inafanana kabisa na mtoto aliyetulia.

Programu hizi hulinganisha kila picha na iliyotangulia, nukta kwa nukta. Picha ya 640 kwa 480 ina nukta 307,200. Ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili, na kamera ikichukua picha 30 kwa sekunde, prosesa inakagua nukta zaidi ya milioni 62 kila sekunde. Mzazi akishusha hadi 640 kwa 480, picha 5 kwa sekunde, zinabaki kama milioni moja na nusu. Kazi imepungua mara 40, na mtoto anayejigeuza bado anaonekana. Aanze na hapo kabla ya kumpa fundi hela ya kuongeza RAM.

Kurekodi video nako kunaelemea, hasa kengele za uongo zikiwa nyingi. Chandarua kikipepea, programu inarekodi. Giza likiingia, kamera ndogo inatoa chengachenga, programu inadhani kuna kitu kinatembea, inarekodi tena. Dawa yake ni kuchagua picha moja moja badala ya video, kupunguza wepesi wa programu kushtuka, kuwasha taa ndogo, na kuiwekea mipaka ikague eneo la kitanda tu.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie asilimia ya CPU. Ikikaa karibu na 100 muda wote, punguza zaidi. Kuna kipimo kingine rahisi: tundika saa yenye mshale wa sekunde mahali kamera inapoiona, lakini nje ya eneo linalokaguliwa, la sivyo mshale wenyewe utapiga kengele. Mshale ukisimama kwenye simu, usiangalie mtoto kwenye kioo. Nenda chumbani. Kipimo hiki kinafaa hata umeme au intaneti ikikatika.

Umeme wa gridi ulifika kwa njia ya Makambako hadi Songea mwaka 2018, na kituo kimojawapo cha kupoza umeme kikajengwa Madaba, hivyo kompyuta inaweza kuwaka kutwa. Isiwekwe juu ya godoro wala blanketi: matundu ya hewa yakizibwa inapata joto, na prosesa yenye joto hujipunguzia kasi yenyewe. Waya ukae angalau mita moja kutoka kitandani, mtoto asiufikie akauzungusha shingoni.

Halafu kuna baridi ya Juni na Julai, wakati baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na mtoto anayeivuta hatikisiki kitandani. Kwa kamera, hata iwe nyepesi na nzima namna gani, huyo amelala vizuri. Jiko likae nje.