Tusiibandue stempu ya serikali
Na Yohana Mbogoni, Mtera

Mkusanyaji wa stempu hufundishwa mapema kuloweka kipande cha bahasha majini hadi gundi iachie, kisha stempu ikaushwe na kuingizwa kwenye albamu. Kwa stempu za kawaida sina ugomvi na desturi hiyo. Kwa zile zilizotumika kwenye barua za serikali naipinga kabisa. Stempu hizo hazikuchorwa upya. Mwaka 1959 Serikali ya Tanganyika ilianza kutumia stempu zilezile za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya Malkia Elizabeth, ila zimepigwa chapa ya neno OFFICIAL. Uhuru haukuliondoa neno hilo. Tunalikuta juu ya stempu za samaki za 1967 na za vipepeo za 1973. Basi kinachoitofautisha stempu ya serikali na ya raia ni wino wa neno moja, na huo mghushi hashindwi kuuongeza. Bahasha nzima, yenye muhuri wa posta, tarehe na jina la ofisi, itamtoa jasho.

Zaidi ya hapo kuna suala la lugha, nalo ndilo linalonigusa. Mwaka 1967 serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Samaki waliotoka Desemba mwaka huohuo bado walibeba neno la Kiingereza, na vipepeo vilevile miaka sita baadaye. Anayeitazama stempu peke yake atadhani agizo lilipuuzwa. Bahasha ndiyo itakayotuambia kama karani wa Iringa, akimwandikia mwenzake wa Mpwapwa wakati Bwawa la Mtera likijengwa, aliandika "Mkuu wa Wilaya" au "Area Commissioner".

Wapo watakaosema bahasha hula nafasi. Ni kweli, na mwenye nafasi ndogo akusanye chache. Hoja nzito zaidi ni kwamba hizi ni karatasi za serikali, zina siri. Lakini barua yenye siri hubaki kwenye jalada, bahasha hutupwa. Na kwa kuwa hutupwa, stempu nyingi zimebaki bila habari ya safari yake. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, stoo nyingi za ofisi zake zimefunguliwa na nyingine zitafunguliwa. Kabla marundo ya bahasha hayajapelekwa kuchomwa, mtu wa Nyaraka za Taifa aitwe ayapekue.