Nani Adhamini Jina Lililo Juu ya Baruapepe?

Walioweka kanuni ya kusafirisha baruapepe, ile aliyoichapisha Jonathan Postel mwezi wa Agosti 1982, waliitunga kwa ajili ya jamaa wachache wa vyuo na maabara, wengi wao wakijuana kwa majina. Na maadamu hapana aliyemshuku mwenziwe, hawakuona haja ya kumtaka mpeleka barua athibitishe kwamba ndiye huyo anayejitaja. Kasoro hiyo tumeirithi nzima. Hata leo, mtu yeyote mwenye seva na ujuzi kidogo aweza kuandika juu ya barua yake anwani ya benki, ya wizara au ya chuo kikuu, na kanuni ile peke yake haina la kumfanya.

Dawa ilichelewa, ila ilipatikana. Mark Delany wa Yahoo alibuni njia ya kuitia barua sahihi ya kidijitali, ikaunganishwa na nyingine iliyotoka kwa kampuni ya Cisco, na mwaka 2007 ikatangazwa kanuni moja iitwayo DKIM. Seva ya mpelekaji huukokotoa mwili wa barua pamoja na baadhi ya maelezo ya juu yake, kisha hutia sahihi kwa ufunguo wa siri ulio kwake pekee. Ufunguo wa wazi, ulio pacha wa huo wa siri, hutangazwa katika daftari la majina ya intaneti, mahali ambapo seva ya mpokeaji huusoma na kupima. Neno moja la barua likigeuzwa njiani, sahihi haikubali tena.

Ufunguo wenyewe lakini sharti uwe na nguvu. Mwishoni mwa mwaka 2011 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Zachary Harris, aligundua kwamba Google ilikuwa ikitia sahihi kwa ufunguo wa biti 512, ilhali uchache uliotakiwa ni biti 1024. Akauvunja, akampelekea Larry Page barua iliyoonekana kutoka kwa Sergey Brin, na haukupita muda Google ikaubadili ufunguo wake. Ikiwa matajiri wa fani hii walighafilika hivyo, seuze ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu!

Tena sahihi hii hushuhudia kikoa, haimshuhudii mtu. Tapeli aweza kusajili kikoa chake mwenyewe, akakitilia sahihi halali kabisa, kisha akaandika mbele ya macho ya msomaji jina la mwingine. Ndiyo sababu mwaka 2012 ikazuka kanuni ya DMARC, inayodai kwamba kikoa kinachoonekana kilingane na kile kilichothibitishwa, ama kwa sahihi, ama kwa orodha ya seva zenye ruhusa, na inayompa mwenye kikoa nafasi ya kutangaza barua isiyotimiza sharti hilo ifanyweje: ipite, iwekwe kando, au ikataliwe kabisa.

Hapo ndipo penye mzozo, kwani taasisi nyingi hutangaza kwamba ipite, zikatosheka. Udhuru wao si wa bure. Barua inayopitia orodha ya wanachama huongezewa maneno chini yake, na sahihi ikabatilika; Yahoo ilipochagua kukataa, mwezi wa Aprili 2014, watu wengi wasio na hatia waliona barua zao zikirudishwa. Walakini hatua ya kupitisha iliwekwa ili mwenye kikoa apate wasaa wa kuchunguza ni seva zipi zinazopeleka barua kwa jina lake, na ukaguzi usio na mwisho, kwa maoni yangu, ni uzembe uliovishwa joho la tahadhari.

Uzembe huo hulipwa na mwingine. Mhasibu aliyelipa ankara ya kughushi hulaumiwa kwa kutotazama vizuri, akapelekwa semina kufundishwa kuchungua tahajia, hali barua aliyoipokea ilibeba anwani ile ile ya mkubwa wake, herufi kwa herufi. Jicho lake lingeona nini? Asiyeweza kupima sahihi asibebeshwe dhamana yake. Kweli, ipo hila ambayo sahihi haiifikii, kama vile kikoa kinachofanana na cha asili au akaunti halisi iliyotekwa, na kwa hayo hapana budi kumpigia simu mhusika, kwa namba iliyojulikana tangu zamani, kabla ya kubadili akaunti ya malipo. Lakini kughushi kikoa chenyewe kwazuilika, na mwenye kuzuia ni mwenye kikoa.

Amri hufaa. Mwezi wa Oktoba 2017 serikali ya Marekani iliziagiza idara zake za kiraia zifikie daraja la kukataa katika muda wa mwaka mmoja. Na Februari 2024 Google na Yahoo zikawataka wapelekaji wakubwa, ambao kwa hesabu ya Google ni wenye kupeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku, wawe na ulinzi huu, ingawa ziliridhia hata daraja la kupitisha, jambo ambalo naliona pungufu. Vikoa vya go.tz na go.ke viko mikononi mwa serikali zetu. Kila ofisi inayovitumia, na kila benki inayowaandikia wateja, ipewe mwaka mmoja kufika kwenye kukataa. Baada ya hapo, hasara ya barua iliyoghushiwa kwa kikoa chake ibebwe na ofisi hiyo, asitozwe aliyeiamini.