Sindano Haikumuua

SEHEMU YA 1



Juzi niliandika kuhusu degedege nikaingia shifti ya usiku. Natoka asubuhi nakuta ujumbe umejaa. Mmoja umenikaa moyoni mpaka sasa. Dada kaandika: "Nesi usitudanganye. Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Wa dada yangu alichomwa tu, akakata roho pale pale." Chini yake watu wamejazana. Kweli kabisa. Hata kwetu. Bibi alishasema.

Dada, kwanza pole. Sisemi unaongopa. Ulichokiona ulikiona: mtoto alikuwa anahema, akachomwa, akafa. Hata mimi nimeyaona hayo, zaidi ya mara moja, na sindano niliishika mimi. Nimewahi kuitwa muuaji mlangoni mwa wodi na bibi wa umri wa mama yangu, watu wote wanatazama. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwa watoto waliobaki.

Lakini leo nakuja kukubishia, tena kwa picha. Hii imani kwamba sindano inaua mtoto wa degedege ndiyo inayochelewesha watoto nyumbani hadi wanaharibika. Kila aliyekomenti "kweli kabisa" kuna mama mwingine amemsoma, na huyo mama leo usiku mtoto wake ana homa.

SEHEMU YA 2

Picha zenyewe zimetoka Blantyre, Malawi. Sio mbali, ni hawa hawa jirani zetu wa Ziwa Nyasa, mbu wao ni kama wetu. Kwenye hospitali ya Queen Elizabeth Central kuna daktari anaitwa Terrie Taylor, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, ambaye amekuwa akitibu watoto na kutafiti pale tangu miaka ya 1980. Yeye na wenzake wa Malawi walikuwa na swali moja linalowanyima usingizi: mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani, dawa ameshapata, vijidudu vinapungua kwenye damu, mbona bado anakufa?

Walianza kwa kuchunguza maiti, kwa ruhusa ya wazazi. Mwaka 2004 wakatoa majibu: kati ya watoto 31 ambao kila dalili ilisema ni malaria ya ubongo, 7 walikuwa wamekufa kwa kitu kingine kabisa. Wakagundua pia kwamba ukimulika nyuma ya jicho la mtoto unaweza kuona alama za malaria hiyo, maana jicho na ubongo ni ndugu wa damu. Lakini maiti inakuonyesha mwisho wa safari tu. Njiani kulitokea nini huwezi kujua.

Mwaka 2008 ikafika pale mashine ya MRI, ya kwanza Malawi nzima. Kwa wasioijua: ni sumaku kubwa mno, unalazwa ndani yake. Mwili wetu una maji mengi, na ndani ya maji kuna chembe ndogo sana ambazo sumaku inazipanga zikae mkao mmoja. Yanapigwa mawimbi ya redio zinayumba, zikirudi mahali pake zinatoa ishara, kompyuta inaichora ishara hiyo ikawa picha. Inapiga kelele kama mtu anagonga bati, ila haitumii mionzi ya eksirei. Na kwa sababu inasoma maji, ubongo uliovimba inauona vizuri sana. (Kabla hamjauliza: hapana, haionyeshi jini.)

Sasa shika hapa. Majibu yalichapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Watoto 168 wenye malaria ya ubongo, wamehakikiwa mpaka kwenye jicho, walipigwa picha walipolazwa. 25 walifariki. Kati ya hao 25, 21 ubongo ulikuwa umevimba vibaya tangu picha ile ya mwanzo. Waliopona walikuwa 143, na waliovimba hivyo kati yao walikuwa 39.

Fuvu la kichwa ni mfupa, halitanuki. Ubongo ukivimba unatafuta pa kwenda, unasukumwa chini kwenye tundu la shingo, na pale chini ndipo ilipo sehemu inayoamuru kupumua. Ikibanwa, pumzi inakatika. Moyo unaweza kuwa bado unadunda lakini mtoto hahemi. Ndiyo maana unaona amekwenda ghafla, kama mtu kazima taa. Hiyo ndiyo "akakata roho pale pale" mnayoniandikia.

Na wale watoto wote, waliokufa na waliopona, walipewa dawa ya kuingizwa mwilini kwa sindano. Wote 168. Sindano ingekuwa ndiyo inaua, wale 143 wamebaki vipi? Waliopigwa picha tena na tena wakiwa wanatibiwa, ubongo uliokuwa umevimba ulionekana unanywea. Yaani mtoto amechomwa, na uvimbe unapungua, na mashine inaona.

SEHEMU YA 3

Kuna mmoja kaniuliza, "Basi kwa nini sisi kila siku tunaona sindano ndiyo ya mwisho?"

Umejibu mwenyewe mpenzi. Ndiyo ya mwisho kwa sababu mmeiweka mwisho.

Nitawapa mpangilio wa mtoto mmoja, nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane. Jumanne homa, akapewa panado. Jumatano asubuhi akakakamaa macho juu. Wakubwa wa nyumba wakasema dege limepita juu ya paa. Mama mtu akataka kwenda hospitali, akaambiwa akimpeleka huko na degedege watamchoma na atamzika. Akapakwa mkojo. Akafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, ambacho kilitafutwa mpaka kijiji cha pili, na nauli ya kukitafuta ilipatikana! Usiku akakakamaa mara tatu. Alhamisi akachanjwa chale. Alhamisi jioni mtoto haamki hata ukimfinya, ndipo boda ikaitwa. Ananifikia mimi saa mbili usiku, kalegea, anahema kwa kuvuta. Nikampa dawa. Saa tatu hayupo.

Ndani ya ile siku na nusu, kila aliyemgusa mtoto yule ametoka na sifa njema. Aliyefukiza, aliyechanja, wote hawakuua. Muuaji ni mimi niliyemwona kwa saa moja.

Na simlaumu mama yule, nataka hili lieleweke. Alijua. Tangu Jumatano asubuhi alikuwa amefunga kanga anataka kwenda. Hakuwa na nauli mkononi na hakuwa na sauti. Kwa hiyo maneno haya nayapeleka kwa baba mwenye pesa mfukoni, na kwako mama mkwe ambaye nakuheshimu sana. Mama, wewe umelea watoto wengi kuliko mimi. Lakini ukisema "ngoja kwanza tumuone mtu," ule ubongo hausikii ngoja. Fukiza baadaye kama moyo wako unataka, omba dua njiani, mimi sitakuzuia. Boda kwanza.

Na sisi wenye sare nyeupe tusijifanye watakatifu. Nilipokuwa mgeni kazini kwenye kituo kimoja, niliona mama kaleta mtoto mwenye chale mbichi, akasimangwa mbele ya watu mpaka akatetemeka. "Ulikuwa wapi siku zote? Nenda kwa huyo mganga wako!" Mimi nilinyamaza, nilikuwa mdogo, na kunyamaza kule bado kunaniuma. Mnadhani yule mama alirudi kijijini akasema nini kuhusu hospitali? Nesi anayemfokea mama wa degedege anamsaidia mganga kazi, bure, bila kulipwa.

SEHEMU YA 4

Sasa mmegeukia upande wa pili. Tangu jana watu wanaulizia: MRI ni bei gani, niuze mbuzi? Mwingine kaambiwa na mtu wa mtandaoni kwamba bila MRI huwezi kujua degedege imetokana na nini.

Acheni mbuzi wenu. Mtoto mwenye homa na degedege hahitaji MRI usiku huo. Anahitaji tone la damu kidoleni la kupimwa malaria, na tone lingine la kupimwa sukari, maana malaria kali inashusha sukari na sukari ikishuka nayo inaua. Anahitaji dripu, dawa ya kusimamisha kukakamaa, na atesuneti ya sindano. Hiyo atesuneti ilishindanishwa na kwinini kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, majibu yakatoka 2010. Wa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Wa atesuneti, chini ya 9. Na zote mbili zilikuwa za sindano, dada yangu, zote mbili.

MRI ya Blantyre ilikuwa ya kujibu swali kwa niaba yetu sote. Kuna mtu ameandika kwamba hao wazungu wanachezea vichwa vya watoto wetu. Wale wazazi waliulizwa wakakubali, mtoto yuko hoi, mama hajui kama ataondoka naye. Wengine hawakuondoka nao. Wewe uko umekaa kwenye kochi unasema wamechezewa. Mimi ninayoyajua leo kuhusu mtoto anayeacha kuhema ghafla nimeyapata kwa hao mama, ndiyo maana siku hizi mtoto wa aina hiyo namuweka karibu na meza yangu, na macho yangu yako kwenye kifua chake.

MRI inaweza kuja baadaye. Mtoto amepona malaria lakini anakakamaa tena bila homa, au mkono mmoja umelegea, au alikuwa anaongea sasa haongei: hapo daktari anaweza kuomba picha. Na hili msilidharau. Blantyre hapo hapo waliwafuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo, 12 wakapata kifafa. Watoto wengine 264 ambao hawakuugua malaria hiyo, hakuna hata mmoja. Kwa hiyo mkiruhusiwa, rudini kliniki. Kifafa kina dawa, na sio laana ya ukoo wa mama, nasisitiza ukoo wa mama maana najua lawama huwa zinaangukia wapi.

Sio kila degedege ni malaria. Watoto wengi wa miezi 6 hadi miaka 5 wanakakamaa kwa homa tu, dakika chache, wanaamka wanadai titi na hawapati madhara. Mwingine ana homa ya uti wa mgongo. Ukiwa nyumbani huwezi kuwatofautisha, hata mimi nikiwa nyumbani siwezi. Mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu hajazinduka. Angalia saa, dakika 5 zikipita bado anakakamaa usisubiri kabisa. Hata akiamka akacheka, mpeleke siku hiyo hiyo akapimwe, na ukifika mapokezi usikae kwenye foleni, sema kwa sauti: mtoto amepata degedege.

Akichomwa, muulize nesi anamchoma nini. Ni haki yako. Akikufokea niandikie.

Na wewe dada uliyeanzisha haya yote, mtafute dada yako. Usimsomee posti hii mbele za watu. Muulize taratibu mtoto alianza homa siku gani, na nani alisema wasubiri. Kama atasema ni yeye mwenyewe alisubiri, mwambie nesi amesema alikuwa anaogopa sindano kwa sababu wote walimwogopesha. Nikitoka shifti kesho nitajibu wale wanaobishana kuhusu mkojo wa kupaka, naona mmefika komenti mia na bado hamjachoka.